Ngozi Inayobaki

Mwaka 1863 nchini Uingereza vilichapishwa vitabu viwili ambavyo ndani yake watu wanapimwa miili. Cha kwanza ni kijitabu chembamba cha William Banting, mzee wa London ambaye kampuni ya familia yake ilitengeneza majeneza na kusimamia mazishi ya wafalme. Cha pili ni kitabu kinene cha John Hanning Speke, ofisa wa jeshi aliyepita kwetu akitafuta chanzo cha mto Nile. Wanahistoria wa tiba humsoma Banting, wanahistoria wa ukoloni humsoma Speke, na kila kundi lina rafu yake maktabani. Mimi nimewaweka meza moja kwa sababu kwetu ni Kagera, na kwa sababu mama yangu, akiwa na miaka 52, amepunguza kilo 31.

Nianze na Banting. Alikuwa mfupi, futi 5 na inchi 5, na Agosti 1862 alikuwa na ratili 202, karibu kilo 92. Anaeleza kwamba hakuweza kuinama afunge viatu vyake, na kwamba ngazi alizishuka kinyumenyume, polepole, ili magoti na vifundo visipate mshindo wa uzito wote. Alikuwa amejaribu kila alichoshauriwa: kupiga makasia alfajiri (kukamwongezea hamu ya kula tu), kutembea, kupanda farasi, bafu za mvuke za Kituruki. Mwishowe usikivu wake ukaanza kupungua, akaenda kwa daktari wa masikio, William Harvey, na huyo ndiye aliyemwambia aache mkate, siagi, maziwa, sukari, bia na viazi. Baada ya mwaka mmoja alikuwa na ratili 156, na kiuno kilikuwa kimepungua zaidi ya inchi 12. Kijitabu alikigawa bure mwanzoni. Jina lake likageuka kuwa kitenzi, na hadi leo Mswidi anayejinyima chakula ili apungue husema anafanya “banta”.

Jedwali la Banting lina tarehe na ratili. Mtu anayejipima kwa mzani huona kilichoondoka. Ngozi haimo kwenye jedwali, maana ngozi ndiyo inayobaki, na mzani hauna safu ya vinavyobaki.

Speke alifika Karagwe Novemba 1861, akapokewa na mtawala Rumanika katika makao yake ya Bweranyange. Alikuwa amesikia kwamba wanawake wa ukoo wa mtawala hunyweshwa maziwa mpaka wasiweze kusimama, akataka kuthibitisha. Alimwomba shemeji wa Rumanika ampime. Ili akubali, Speke aliahidi kumwonyesha mikono na miguu yake mwenyewe bila nguo, na mama yule, ambaye pengine hakuwahi kuona ngozi ya rangi ile, akakubali. Vipimo vimo kitabuni. Mkono futi 1 na inchi 11. Kifua futi 4 na inchi 4. Paja futi 2 na inchi 7. Urefu futi 5 na inchi 8. Pembeni alikuwepo binti wa miaka 16 akinyonya maziwa kwenye chombo, baba yake akiwa na fimbo mkononi ili asiache.

Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi na kila mara naona aibu kwa niaba ya kila mtu aliyekuwamo mle ndani, isipokuwa yule mama. Speke anaielezea nyama ya mikono yake, jinsi ilivyoning'inia kati ya maungo, kwa kuifananisha na chakula cha kwao. Ni maneno ya mtu anayecheka. Lakini mama yule hakuwa kituko nyumbani kwake. Mwili wake ulikuwa hesabu ya ng'ombe. Katika nchi ambayo mali ilitembea kwa miguu minne, kuwa na mtu anayekunywa maziwa siku nzima bila kushika jembe kulikuwa kuiweka mali mahali inapoonekana. Kukaa tu chini kilikuwa cheo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ilikuja sotoka, ikaua ng'ombe wa Karagwe kama ilivyoua wa karibu Afrika Mashariki yote. Maziwa yakakatika. Wanawake waliokuwa wamelishwa tangu ubinti wakajikuta katika utu uzima bila kile kilichowajaza. Ni lazima walipungua. Na mtu aliyekuwa na mkono wa sentimita 58 akipungua ghafla, ngozi ya mkono ule inakwenda wapi? Hilo hakuna aliyerudi na utepe kulipima.

Mama hakulishwa na mtu kwa fimbo. Alinenepa kama wanavyonenepa wanawake wengi wa Dar es Salaam: watoto wanne, kazi ya kukaa, foleni ya saa mbili asubuhi na saa mbili jioni, chai ya maziwa yenye sukari, soda ya mchana, ugali wa usiku. Alipofikisha kilo 98 presha ilikuwa juu na sukari ilikuwa imeanza kupanda. Daktari alimpa dawa na onyo. Mama, ambaye akiamua jambo huwa hatangazi, akaanza kuamka saa kumi na moja alfajiri kutembea na kikundi cha akina mama wa mtaani. Baada ya miezi kadhaa kutembea kukawa mchakamchaka. Ilimchukua miaka miwili na nusu kufika kilo 67. Presha ikashuka hadi daktari akampunguzia dawa. Magoti yakaacha kulia.

Na ngozi ikabaki. Chini ya mikono inapepea akipunga. Tumboni, palipobeba mimba nne na mafuta ya miaka 25, imekaa kama mfuko uliomwagwa unga. Mapajani kuna mikunjo karibu na magoti. Usoni mashavu yameingia ndani na shingo imeongezeka kamba mbili. Siku moja akijitazama kwenye kioo cha kabati aliniambia, bila huzuni, kwamba anaonekana mzee nguoni zikitoka na kijana nguo zikiwamo.

Sababu yake inajulikana. Ngozi inashikiliwa na nyuzi za protini: kolajeni inayoipa nguvu na elastini inayoirudisha ikivutwa. Elastini hutengenezwa kwa wingi utotoni na ujanani, kisha mwili karibu huacha kuitengeneza. Ile uliyonayo ukiwa na miaka 50 ndiyo uliyokuwa nayo ukiwa na 15, imetumika. Ukiivuta miaka mingi nyuzi hukatika na kupangika ovyo, na jua, sigara, sukari ya damu na mimba huchangia. Ndiyo maana kijana wa miaka 22 akipungua kilo 15 anarudi kama mpira, na mama wa miaka 52 akipungua hizohizo anabaki na ushahidi. Mazoezi ya kubeba vyuma huongeza misuli na kujaza sehemu kidogo. Krimu zinazouzwa mitandaoni haziwezi kurudisha nyuzi zilizokatika ndani. Nimelisema hili nyumbani mara tatu, na bado kuna makopo mawili bafuni.

Kiswahili nacho kina lake la kusema hapa. Tuna “kupungua”, neno la adabu, la mtu aliyekusudia. Tuna “kukonda”, ambalo linauliza swali. Kisha tuna “kuisha”: fulani amekwisha. Mafuta yanayoning'inia vijana tunayaita “nyama uzembe”, hukumu ndani ya jina. Hata kitambi kina historia yake. Kamusi za zamani zinalitaja neno hilo pia kwa maana ya kipande cha nguo cha kujifunga au kujizungushia kichwani. Sijui kama waliotumia neno moja kwa vitu viwili waliona mfanano, ila mimi nikiangalia tumbo la mama naona nguo kubwa iliyobaki baada ya mvaaji kuhama.

Mtu akiishi Dar es Salaam anaweza kupungua kilo 31 na kupongezwa. Serikali yenyewe ilikuwa inahimiza. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa kazi hiyo. Kule kwenye kikundi chake mama ni shujaa. Shida ilianza alipotakiwa kwenda nyumbani.

Nyumbani ni Muleba. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI waliotambuliwa Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Ng'ambo ya mpaka, Rakai na Masaka, watu walikuwa tayari wameupa ugonjwa huo jina la Kiingereza linalomaanisha wembamba, Slim, na mwaka 1985 madaktari wa Uganda na wenzao waliandika makala katika jarida la Lancet wakilitumia jina hilohilo. Ukiwa mtaalamu wa kitabibu unauona upesi uzito wa jambo hili: kabla ya kirusi kuwa na jina mdomoni mwa watu, ugonjwa ulikuwa umbo. Upande wetu waliuita Juliana, kwa jina la nguo za magendo kutoka Uganda zilizokuwa zikitamaniwa miaka ile. Tena nguo. Mtu aliyevaa Juliana alikuwa na fedha na safari, na kilichomkuta baadaye kilipewa jina la alichovaa.

Oktoba 1985 wataalamu walikutana Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, chini ya Shirika la Afya Duniani, kutafuta namna ya kumtambua mgonjwa mahali pasipo na maabara. Walikubaliana juu ya dalili kubwa na dalili ndogo. Miongoni mwa zile kubwa, pamoja na kuhara na homa za zaidi ya mwezi, kulikuwa na kupoteza zaidi ya asilimia 10 ya uzito wa mwili. Lilikuwa jambo la busara kwa hali ya wakati ule, na liliokoa muda wa wauguzi wasio na kipimo chochote zaidi ya mzani na macho. Lakini lilikuwa pia mafunzo kwa jamii nzima. Muuguzi mstaafu niliyezungumza naye kwa ajili ya tasnifu yangu aliniambia kwamba kufikia mwisho wa miaka ya themanini hakuna aliyehitaji kufundishwa. Watu sokoni walikuwa wanajua kupima asilimia 10 kwa jicho. Walitazama mikono, ngozi ya nyuma ya mkono wa juu ikiwa imelegea. Walitazama kola ya shati ikiwa imekuwa pana. Walitazama mgongo kama una kovu la mkanda wa jeshi.

Mama amepoteza karibu asilimia 32.

Kisha zikaja dawa, na dawa nazo zikaandika kwenye mwili. Tangu Oktoba 2004 dawa za kufubaza makali ya virusi zilianza kutolewa bure nchini, na mojawapo ya zilizotumika sana ilikuwa stavudini. Iliokoa maisha ya watu wengi. Kwa baadhi yao, baada ya miaka, iliondoa mafuta mashavuni, mikononi, miguuni na makalioni, mishipa ikajichora juu ya ngozi, huku tumbo na nyuma ya shingo vikiongezeka. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi ziachane nayo taratibu. Katika miaka ile, jicho la sokoni lilijifunza somo la pili: mtu anaweza kuwa mzima, anafanya kazi, anacheka, lakini mashavu yanamsema. Mashavu ya mama leo, kwa mtu aliyejifunza kusoma miaka hiyo, yanasomeka hivyohivyo. Mwili hauandiki sababu. Unaandika tu kwamba palikuwa na kitu na sasa hakipo.

Tulifika Muleba siku tatu kabla ya Krismasi. Bibi, mama yake mama, alikuwa hajamwona mwanawe kwa miaka mitatu. Kwenye simu alikuwa ameambiwa kwamba mama “amepungua kidogo kwa sababu ya presha”. Bibi amezika watoto watatu kati ya 1989 na 1996, wajomba zangu wawili na mama mdogo mmoja. Wote waliwahi kupungua kidogo, na kwa kila mmoja kulikuwa na sababu: malaria, vidonda vya tumbo, kazi nyingi mjini.

Alimpokea vizuri. Alimshika mikono yote miwili, juu ya viwiko, akaiachia. Jioni ile alisema kwa Kihaya kwamba mwanawe amechoka na safari, alale kwake, amchue mgongo kwa mafuta. Mama ana miaka 52 na alikubali kama mtoto. Mimi nililala chumba hichohicho kwenye godoro la chini, na nilijifanya nimelala. Bibi aliwasha taa ya sola, akampandisha blauzi, akaanza kupaka. Alipaka mgongo wote, polepole, mbavu kwa mbavu, upande mmoja mpaka mwingine, na mimi niliyekuwa nimeshasikia maelezo ya yule muuguzi nilijua anatafuta nini. Mama naye alijua. Hakuna aliyesema neno. Kovu halikuwepo. Kisha mikono ikafika ubavuni, ikashuka tumboni, ikaikuta ile ngozi. Bibi aliishika kwa vidole vyote, kama unavyoshika kitenge dukani, akakaa nayo kimya.

“Mwanangu,” alisema mwishowe, “hii yote ilikuwa na nini ndani?”

“Mafuta, mama. Mafuta tu.”

“Na yameenda wapi?”

Mama hakuwa na jibu la haraka, na mimi pia nisingekuwa nalo. (Kitaalamu sehemu kubwa hutoka mwilini kwa pumzi, kama hewa ya ukaa. Jaribu kumwambia hivyo mama aliyefiwa mara tatu.)

Asubuhi bibi alianza kulisha. Ndizi za nyama, maharage, uji, senene aliokuwa amewahifadhi tangu Novemba, chai ya maziwa yenye sukari ya kijiko kisichopimwa. Mama alikula. Kila sahani iliyorudi tupu bibi aliitazama kama mtu anayehesabu fedha. Katika wiki tatu mama aliongezeka kilo 4, na nilipompima presha kwa kile kifaa chake kidogo namba ya juu ilikuwa 158, ambayo hakuwa ameiona kwa zaidi ya mwaka. Nikamwambia aache. Akaniambia nimwache bibi yangu apate usingizi japo mwezi mmoja.

Tuliporudi Dar es Salaam ndipo alianza kuuliza habari za upasuaji. Aliona kwamba tatizo halikuwa wembamba, tatizo lilikuwa ngozi, ndiyo iliyotoa ushuhuda wa wembamba. Kama ikiondolewa, ataonekana mtu aliyezaliwa mwembamba. Alinipa kazi ya kutafuta, kwa kuwa mimi ndiye “msomi wa mambo ya zamani”. Nikamsomea kuhusu Howard Kelly, mmoja wa madaktari wanne walioanzisha hospitali ya Johns Hopkins huko Baltimore, ambaye mwaka 1899 alieleza jinsi alivyokata kipande cha mafuta na ngozi tumboni mwa mwanamke, chenye uzito wa zaidi ya kilo 7. Nikamsomea kuhusu Ivo Pitanguy wa Brazili, aliyechapisha mwaka 1967 maelezo ya wagonjwa 300 waliofanyiwa upasuaji wa aina hiyo, na aliyefundisha wengine kuficha kovu chini ya mstari wa nguo ya ndani. Nikamwambia kovu linatoka nyonga moja hadi nyingine, na kwamba kwa mwenye sukari kidonda huweza kuchelewa kupona.

“Kwa hiyo niondoe ngozi, nibaki na kovu,” alisema. “Halafu siku mama akinipaka mafuta alikute.”

Hakuuliza tena.

Alichofanya ni hiki. Alikwenda kliniki, akaomba wamwandikie majibu yake yote kwenye karatasi moja: uzito wa kila ziara tangu mwanzo, presha, sukari, na kipimo cha virusi alichokiomba mwenyewe siku hiyo, ingawa hakuna aliyemwambia apime. Karatasi ikagongwa mhuri. Akatoa fotokopi, akaituma Muleba kwa mtu wa basi, ikiwa ndani ya bahasha pamoja na kitenge. Binamu yangu aliyemsomea bibi anasema alitakiwa kuisoma mara mbili, na mara ya pili bibi alitaka zile namba za uzito zisomwe moja moja, pamoja na tarehe zake. Alisikiliza jinsi zilivyoshuka: miezi, nusu kilo, kilo moja, mwezi mwingine hakuna. Akasema ugonjwa hauendi hivyo. Ugonjwa ungekuwa na haraka.

Mama amerudi kwenye mchakamchaka, na zile kilo 4 zimeondoka. Ameshonesha magauni mapya yenye mikono inayofika kwenye viwiko, ya kwenda nayo kijijini. Akiwa Dar es Salaam bado anavaa fulana zake, mikono inapepea. Karatasi bibi anaiweka kwenye kopo la biskuti, pamoja na vyeti vya ubatizo vya watoto wake wote, waliopo na wasiokuwepo. Majirani wakija na swali lao, huitoa. Nilipiga simu mwezi uliopita kuomba ruhusa ya kuipiga picha kwa ajili ya tasnifu yangu. Bibi alisema hapana.